KUTA MBILI NA BORITI YA CHUMA
Maneno tuliyowaambia wanachama wa kazi ya ujenzi

Ndugu wanachama, mafundi na vibarua,

Leo hatukuja kwa habari za mishahara. Twataka tuelewane juu ya kazi ya mikono yetu katika majengo marefu, kwa maana tetemeko la ardhi halimpimi injinia peke yake. Humpima pia aliyefunga waya na aliyemwaga konkriti.

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilitetemeka Subukia, upande wa Nakuru, kwa kipimo cha karibu 6.9, nayo ikapasuka kwa kilomita zaidi ya 30. Siku hizo Bonde la Ufa halikuwa na majengo ya orofa nyingi. Sasa yapo.

Jengo refu hutegemea kuta nene za konkriti, mara nyingi penye lifti na ngazi. Lakini milango haina budi kuwapo, basi ukuta hugawanyika ukawa kuta mbili bega kwa bega. Ardhi ikisukumwa upande, kila ukuta ulio peke yake hupinda kama mnazi katika upepo. Zikiunganishwa kwa boriti juu ya mlango wa kila orofa, kuta hushikana: mmoja hukandamizwa chini, wa pili huvutwa juu, na boriti zile fupi hubeba nguvu kubwa ya kukata.

Tarehe 27 Machi 1964, katika tetemeko la Alaska, boriti za konkriti za namna hii zilipasuka kwa alama ya msalaba katika majengo marefu ya Anchorage. Baadaye Profesa Thomas Paulay wa New Zealand alionyesha faida ya kuweka nondo za mshazari ndani yake. Dawa ile ni njema, ila nondo husongamana hata konkriti haipati njia. Kwa hiyo wengine hutumia boriti ya chuma yenye umbo la herufi I, ncha zake zikizikwa ndani ya kuta.

Chukueni waya wa kufungia nondo, mkaukunje upesi huku na huku. Utapata moto. Moto huo ni nguvu ya mkono iliyomezwa na waya. Ndivyo boriti ya chuma inavyomeza nguvu za tetemeko. Imepangwa iumie kwanza, kama fyuzi ya umeme, ili ukuta upone na watu watoke wazima.

Kwa sababu hiyo, ndugu zetu, tushike mambo manne.

Kwanza, boriti nene zaidi si salama zaidi. Ikiletwa nzito kuliko ile ya ramani, haitalegea, na ukuta ndio utakaovunjika. Asiibadilishe mtu bila idhini ya injinia.

Pili, ncha ya boriti iingie ukutani kwa urefu wote ulioandikwa. Ikipunguzwa, itang'oka.

Tatu, nondo za ukuta na ringi zake zisikatwe ili boriti ipite. Ringi ndizo zinazoibana konkriti isimomonyoke.

Nne, konkriti ya chini ya boriti itikiswe kwa mashine mpaka ijae. Pengo hapo halionekani mbao zikishafungwa, lakini tetemeko litalifichua.

Twajua neno mtakalosema: nyapara anataka haraka, na kibarua mwenye maswali huambiwa kesho asirudi. Ndiyo sababu jambo hili ni la chama, wala si la mtu mmoja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa. Anayetimiza sheria hastahili kufukuzwa. Basi mwakilishi wenu aitwe kabla ya konkriti kumwagwa, wala si baadaye; na mafundi wote waonyeshwe ramani ya kazi wanayoifanya.

Nyumba tunazojenga wataishi watoto wa wafanya kazi wenzetu. Umoja wetu na uanzie hapo, kwenye ringi na waya.