Kilomita 80 kwa Baiskeli: Kutoka Mombasa hadi Diani na Kurudi Salama

Mazungumzo kwa wakaazi kuadhimisha Siku ya Baiskeli Duniani, Juni 3

 

Umoja wa Mataifa ulitenga Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani mwaka wa 2018. Siku kama hii husemwa mengi kuhusu afya na mazingira. Mada ya leo ni safari moja tu, ya siku moja, inayoanza mjini Mombasa, ikafika ufuoni Diani na kurejea mjini kabla ya giza. Swali lake ni hili: anayetoka nyumbani asubuhi kwa baiskeli atarudi salama?

Zamani aliyetaka kwenda Pwani ya Kusini kwa baiskeli alivuka Likoni kwa feri na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Barabara ya Dongo Kundu, yenye urefu wa kilomita 17.5, ilipofunguliwa yote mwaka wa 2024, mzunguko ulikamilika. Sasa mtu hutoka kisiwani kupitia Makupa na Changamwe hadi Miritini, akashika Dongo Kundu mpaka Kibundani, akaelekea kusini kupitia Waa na Tiwi hadi Ukunda na Diani. Kurudi, hufuata barabara kuu mpaka Likoni na kuvuka kwa feri. Jumla ni kama kilomita 80.

Mwenye busara huondoka saa kumi na mbili asubuhi, taa ya mbele na ya nyuma zikiwaka, na huchagua Jumapili. Sehemu ngumu zaidi ya safari iko mwanzoni kabisa, si mbali. Kuanzia Makupa hadi Miritini, baiskeli hutumia barabara moja na malori yanayotoka bandarini. Dereva wa trela aliyeketi juu haoni kila kilicho ubavuni mwake. Kwa hivyo, mwendesha baiskeli hapiti trela upande wa kushoto, hata likiwa limesimama, wala hajipenyezi kati ya malori mawili. Dakika tano za kusubiri hazijamchelewesha mtu Diani.

Baada ya Miritini pumzi hurudi. Barabara hupanda na kushuka, mikoko ikionekana chini kwenye ghuba. Daraja la Mteza lina urefu wa mita 1,440, na upepo wa juu yake husukuma baiskeli ubavuni. Hapo mikono miwili hukaa kwenye usukani. Wengi hutamani kusimama katikati kupiga picha, lakini daraja si mahali pa kusimama. Mandhari huonwa na anayepita pia.

Kuanzia Kibundani, mwezi kama huu, msafiri hukutana na kusi. Upepo huo hutoka kusini, na wa kwenda Diani humpiga usoni. Anayeshindana nao hufika Ukunda akiwa amechoka. Anayejua hupunguza mwendo, hukanyaga kwa gia nyepesi na kumwachia nguvu zake jioni, maana kusi huyo huyo ndiye atakayemsukuma mgongoni wakati wa kurudi. Msimu wa kaskazi mambo hugeuka: kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi, tena katika joto kali. Wavuvi wa pwani hii wamepanga safari zao kwa pepo hizi mbili tangu jadi. Mwendesha baiskeli naye afanye hivyo.

Chakula hakisumbui. Kando ya njia kuna mahamri na mbaazi, viazi karai, muhogo na madafu. Jambo la kukumbuka ni kunywa maji kabla ya kiu, na kubeba tyubu ya akiba, pampu na vifaa vya kuziba pancha, kwa sababu fundi hayuko kila kijiji.

Diani kuna jambo la kutazama hata kabla ya bahari. Juu ya barabara ya ufuoni zimetundikwa ngazi za kamba kutoka mti mmoja hadi mwingine. Hizo ni za mbega. Watu waliona wanyama hao wakigongwa na magari walipovuka, wakawawekea njia yao hewani. Ni kazi njema, na inafikirisha. Mbega amepata njia yake, lakini sehemu nyingi za mzunguko huu mwendesha baiskeli bado anategemea ukingo wa lami na adabu ya dereva.

Kurudi, ni vyema kufika Likoni kabla ya saa kumi alasiri, umati wa wanaotoka kazini kisiwani haujaanza kuvuka. Kwenye mteremko wa kuingia ferini watu hushuka na kusukuma baiskeli, vidole vikiwa kwenye breki. Chuma chenye maji huteleza.

Hapo ndipo safari ya Jumapili huisha. Jumatatu kuna safari nyingine kwenye barabara hizo hizo. Kuna muuza maziwa mwenye madumu mawili nyuma ya baiskeli, mchuuzi wa samaki anayewahi soko, kibarua anayetoka Tiwi kwenda kazini, na mwanafunzi aliyeazima baiskeli ya kakake. Hawa hawana mavazi ya kung'aa. Wengi hawana taa wala helmeti. Hawachagui siku yenye malori machache, kwa sababu siku wanayoikosa barabarani ni siku ya kulala njaa. Hofu anayoionja msafiri wa Diani kwa saa mbili, wao huishi nayo mwaka mzima.

Kwa hivyo maombi ya leo ni matatu. Dereva anapomkuta mwendesha baiskeli, apunguze mwendo na kumpa angalau mita moja na nusu anapompita. Ikiwa nafasi hiyo haipo, asubiri. Matatu na bodaboda zisigeuze ukingo wa barabara kuwa kituo, kwa sababu anayeukuta umezibwa hulazimika kuingia katikati ya magari. Naye mwendesha baiskeli afuate upande wake wa kushoto, aangalie breki zake kabla ya kutoka, na asiendeshe usiku bila taa, hata kama ni kwenda dukani tu.

Ajali ikitokea, nambari za kupiga ni 999 au 112. Majeruhi asiinuliwe ovyo. Anayeweza asimame mbele ya eneo la ajali na kuwaonya wanaokuja.

Anayetaka kujaribu mzunguko huu si lazima aanze na kilomita 80. Aanze na 20, kisha 40. Diani haihami. Aliyewahi kufika huko kwa miguu yake mwenyewe atamwona muuza maziwa kwa jicho lingine siku atakapokuwa ameshika usukani wa gari.