Mkaratusi na simbilisi: maneno kwa familia zilizohama na viongozi wao



Leo tunaleta mifano miwili mnayoijua: mti wa mkaratusi na mnyama mdogo simbilisi, ambaye wengi humwita kobayi.

Mkaratusi unataka miaka. Ukiupanda leo, utangoja miaka mitano, sita au zaidi ndipo upate nguzo na makala. Ukikatwa, kisiki huchipuka tena. Basi ni mali ya mtu anayekaa. Tena mti unasema neno: kwa desturi zetu, anayeupanda anaonyesha kwamba ardhi ni yake.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Tulikuta familia moja iliyokimbia vita, ikaazimwa shamba la maharagwe kwa msimu mmoja. Baba akapanda mikaratusi mpakani ili watoto wapate kuni siku za mbele. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mwenye shamba alipoona miche alisema, “Mgeni ananinyang’anya urithi.” Sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini kijijini desturi ndiyo inayosikilizwa kwanza. Wazee waliwaketisha, wakapatana: miti ni ya mwenye shamba, mgeni atachukua matawi. Maneno hayo yaliandikwa mbele ya mashahidi.

Simbilisi haulizi shamba ni la nani. Anakaa jikoni, anakula majani ya viazi vitamu na nyasi. Jike hubeba mimba miezi miwili hivi, kisha huzaa wawili, watatu au wanne. Nyama ni chakula cha watoto, kinyesi ni mbolea. Hatari ikija, unawatia kikapuni na kuondoka. Kambi za kandokando ya Goma zilipobomolewa mwezi wa pili 2025, watu walibeba walichoweza. Mti haubebwi.

Je, tuseme aliyehama afuge tu, asipande kamwe? Hapana. Asiyeruhusiwa kupanda mti anabaki mpita njia, hata akikaa miaka kumi.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Familia: anzeni na simbilisi, na kabla ya kupanda mti, mwulizeni mwenye shamba. Viongozi: wasikilizeni pande zote mbili, mwandike mapatano, kila upande upate karatasi yake.

Siku mgeni atakapopanda mti bila hofu, na mwenyeji akamsaidia kuumwagilia, tutajua amani imefika.