MAZUNGUMZO: KUPIMA MSONGO WA ASKARI NA WAOKOAJI KAZINI



Askari wa zimamoto huingia pale ambapo sisi sote tunapakimbia. Twamsifu kwa ushujaa, ila ni nadra kuuliza hali ya moyo wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulieleza kuwa maradhi ya moyo husababisha asilimia 45 ya vifo vya askari hao wakiwa kazini nchini humo.

Siku hizi vipo vyombo vya kuvaa kifuani, au mkononi mfano wa saa, vinavyopima mapigo ya moyo, jasho na joto la ngozi, na kumpelekea kiongozi taarifa papo hapo. Majeshi nayo huvitumia. Hata hivyo, chombo hakijui sababu. Aliyepanda ngazi na mtungi wa hewa mgongoni, na aliyeshikwa na hofu, wote wawili mapigo yao huenda mbio. Hivyo kiongozi hana budi kumtoa mtu wake, kumpumzisha na kumuuliza.

Kumbukumbu hizo, kwa maoni yangu, zisitiwe katika jalada la kupandishwa cheo. Askari akilihofia hilo, atakivua chombo siku ile ile anayokihitaji.