Tumtafute Mwenye Lugha
Somo lililosomwa redioni. Fungu: 1 Wakorinto 14:6-19



Mtume Paulo aliwauliza Wakorinto ulizo gumu. Ukimshukuru Mungu kwa maneno ambayo jirani yako hayaelewi, yeye ataitika Amina juu ya nini? Kwa kawaida tunalisoma fungu hili tunapofundisha juu ya kunena kwa lugha, na ni vema. Lakini siku hizi ulizo hilo limetufikia hapa Luena kwa mlango mwingine, mlango wa wimbo.

Wengi wenu mnaujua. Unaitwa "7 Seconds", maana yake Sekunde Saba. Ulitoka mwaka 1994, ukaimbwa na Youssou N'Dour wa Senegal pamoja na Neneh Cherry, mwanamke aliyezaliwa Sweden. Kule Ufaransa ulikaa mahali pa kwanza juma 16. Redio yetu haiupigi, lakini unasikika sokoni, ndani ya magari, na kwenye simu za vijana, hata wale ambao mwaka ule hawajazaliwa. Una lugha tatu ndani yake. Kifaransa tunakisikia kidogo kwa sababu ya masomo. Kiingereza, mwalimu mmoja atatusaidia. Lakini ule mwanzo, pale Youssou anapoanza peke yake, ni Kiwolofu, na pale ndipo sisi wote tunaimba kwa kubahatisha. Kila mtu ana maneno yake. Mwenye Kiluba anasikia Kiluba ndani yake, mwenye Tshiluba vilevile!

Basi maombi yamekuja kwetu, tena yanapingana. Wazee wengine wanasema: mwimbaji ni Mwislamu, bila shaka anasifu dini yake, vijana wakatazwe. Vijana wa korali wanasema: sauti ni nzuri, turuhusiwe kuweka jina la Yesu pale penye Kiwolofu. Na mama mmoja alituandikia kwa Kiluba. Mtoto wake alikuwa anauimba kila jioni kabla ya kwenda machimboni Kolwezi, na huko akafariki. Mama haulizi kama wimbo ni halali au si halali. Anauliza tu: mtoto wangu alikuwa anasema nini?

Ndugu, angalieni jambo hili. Wazee wamekwisha kuhukumu, vijana wamekwisha kupanga, na maneno hakuna aliyeyajua. Mama huyu peke yake ndiye aliyefanya kazi ambayo Paulo anaidai.

Sisi Wapentekote tuko hatarini hapa kuliko wengine. Tumezoea kwamba mtu anaweza kunena asiyoyaelewa, na Mungu akaelewa. Hiyo ni karama, na Paulo mwenyewe anamshukuru Mungu kwa kuwa nayo. Lakini Kiwolofu si karama ya Roho. Ni lugha ya watu wanaonunua samaki Dakar na kubembeleza watoto wao. Mfasiri wake hatuhitaji kumngojea kwa kufunga na kuomba siku tatu. Wafanyabiashara wa Afrika ya magharibi wako Lubumbashi, wako Mbuji-Mayi. Mtu anaweza kupanda treni akamwuliza mmoja wao. Hata siku ile ya Pentekoste, katika Matendo 2, ajabu iliyowashangaza watu wa mataifa yale yote ilikuwa kwamba walielewa, kila mmoja kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Basi tulitafuta, na tuwaambie tulichopata, kwa maneno yetu wenyewe. Katika ule mwanzo wa Kiwolofu hakuna sala, hakuna jina la shehe, hakuna sifa ya dini yoyote. Mwimbaji anamwambia mtu asimtazame kutoka mbali, amwone anatabasamu, akafikiri kwamba hajui yaliyo chini yake na yaliyo nyuma yake. Kisha anasema kwamba yaliyo ndani ya mwenzake yamo ndani yake pia, na kwamba yaliyo ndani yake ni ya kusaidia watu. Hayo tu. Na zile sekunde saba ni za mtoto mchanga: anapoingia duniani, kwa muda mfupi sana, hajajua ubaya na ugomvi unaomngoja. Neneh Cherry mwenyewe ameeleza hivyo.

Wazee wetu, kwa heshima yote, someni tena 1 Samweli 16:7, pale Samweli alipomtazama Eliabu na kimo chake. Mtu aliyeimba kwamba asihukumiwe kwa kutazamwa kutoka mbali, ndiye tuliyemhukumu kutoka mbali.

Lakini vijana msishangilie upesi. Mwimbaji huyohuyo mwaka 2004 alitoa nyimbo nyingine, zilizokusanywa kwa jina la "Egypt", na zile kweli zinawasifu mashehe wa Senegal. Mwaka 2005 zilipewa tuzo la Grammy huko Marekani. Korali ambayo ingechukua wimbo mmoja kutoka kule kwa sababu sauti inapendeza, ingesimama mbele ya kanisa na kumsifu mtu ambaye haimjui. Na tusikamate neno moja tukafikiri tumeshika yote. Katika nyimbo za Senegal mtasikia Yàlla. Wengine hapa wakisikia hivyo wanaruka: ni Uislamu! Lakini Yàlla ni Mungu kwa Kiwolofu, na Wakristo wa kule, ingawa ni wachache, wanamwomba kwa jina hilo, kama Mwislamu wa Kigoma na sisi wa Luena tunavyosema Mungu.

Mnaotaka kutafuta nyimbo nyingine, jueni kazi ilivyo. Kiwolofu kinaandikwa kwa namna zaidi ya moja. Wengine wanaandika kwa herufi za kusoma Kifaransa, wengine kwa maandishi rasmi ya Senegal. Sauti moja ya kooni huyu anaiandika "kh", yule "x". Ndiyo maana karatasi mbili za wimbo mmoja zinaonekana kama nyimbo mbili. Simu nayo inatoa tafsiri upesi, lakini tumeona inavyotafsiri Kiluba, tukacheka. Waulize watu wawili wenye lugha, kila mmoja peke yake, kama sheria ya mashahidi katika Kumbukumbu la Torati 19:15. Wakipatana, andika.

Wababa waliotuletea Injili walijua jambo hili. Burton na Salter walipofika Mwanza mwaka 1915 hawakuwa na Kiluba. Burton alikaa na watu, akasikiliza, akafika hata kukusanya mithali za Waluba. Mzungu anayeandika mithali ya mwanamke wa kijijini amekubali kuwa mwanafunzi wake. Kama asingefanya hivyo, labda sisi tungekuwa tunaimba Kiingereza mpaka leo kwa kubahatisha.

Kuhusu ombi la korali, hatukubaliani nalo. Wimbo una wenyewe, na maneno yake ni mazuri yalivyo. Kuyafuta ili kuweka jina la Yesu juu yake si kuuokoa. Vijana wana vipawa, watunge wao, kwa Kiluba au Kiswahili, kanisa lote liitike Amina.

Na kwa mama yule: maana ya maneno tumeiandika kwa Kiluba kwenye karatasi. Mama mchungaji ataipeleka nyumbani kwake Jumamosi na kumsomea, mara nyingi atakavyotaka.