Kabla ya Kuuza Nyumba



Magomvi mengi ya ardhi tunayoyapokea huanzia kwenye karatasi iliyotiwa sahihi kwa haraka. Mapatano yenye mhuri wa mwenyekiti wa LC1 yanathibitisha kwamba mmeuziana. Hayageuki kuwa hati ya kumiliki. Na hapa kwetu ardhi nyingi ni ya kimila: nyumba umeijenga kwa jasho lako, lakini kiwanja huenda ni cha ukoo. Waiteni kwanza wazee na majirani wa pande zote, mipaka ikapitiwe kwa miguu, mchana.

Mke naye asifichwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Tumeitwa mahali ambapo mnunuzi amefika na matofali, na mama angali anapika ndani. Fedha zilikwisha kuliwa.

Ndugu zetu wa Kongo na Sudani Kusini, asiye raia hupangishwa ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Anayekuuzia ya milele anakudanganya.

Penye hati ya serikali, ikakaguliwe katika ofisi ya ardhi, Arua, kabla ya kulipa hata shilingi. Sisi polisi hatuamui nani mwenye ardhi. Hiyo ni kazi ya mahakama. Hati ya kughushi ndiyo mtuletee, nasi tutaifuatilia.