KIBANDA KIPI KIWE BANDA LA KUKU?

Mazungumzo ya Katibu mbele ya wanaushirika. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale waliokuwa shambani siku ile.



Tumekwisha kubaliana kwamba ushirika wetu ufuge kuku. Hilo halina ubishi tena. Ubishi uliobaki ni nyumba. Pale bustanini tunavyo vibanda viwili vilivyo wazi. Kimoja ni ile stoo ya zamani ya dawa za pamba, yenye sakafu ya saruji na bati. Cha pili ni kibanda cha majembe, cha miti na udongo, kimeezekwa nyasi. Wengi mnasema tuchukue cha saruji kwa kuwa ni imara. Mimi nasema hapana, na sababu nitaieleza.

Dawa za kuua wadudu, hasa zile za zamani kama DDT, haziishi upesi. Hukaa ardhini miaka na miaka. Zikimwagika, saruji huzinywa na udongo wa mlangoni huzinywa. Na kuku, twamjua sote, kazi yake ni kuparua na kudonoa. Atadonoa vumbi lile kutwa. Sumu itaingia katika mafuta yake, kisha itatoka ndani ya kiini cha yai. Sasa niulize, yai hilo atalila nani? Ni mtoto, ni mama mjamzito, ni mgonjwa, maana hao ndio tunaowapa mayai. Kufagia hakutoshi. Kupaka chokaa hakuondoi sumu. Basi stoo ile ifungwe, izungushiwe ua, na bwana shamba aitwe aiangalie. Kuku wetu wakae upande wa pili wa bustani, kwenye kibanda cha majembe.

Lakini nacho tusikimbilie kuwatia kuku kesho. Kibanda kile kilijengwa kwa ajili ya majembe: kuta mpaka juu, tundu moja la mlango, na giza. Jembe halipumui, ndugu zangu. Kuku anapumua, na kinyesi chake kikilowa hutoa harufu ya kuchoma macho na kifua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kuku tugeuze maneno: tusipovunja ukuta tutachimba shimo la kufukia mizoga.

Kazi yenyewe ni hii.

Kwanza, hewa. Kuta mbili ndefu tuzikate kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, nguzo tuziache. Penye uwazi tupige wavu wenye matundu madogo, maana kicheche hahitaji mlango mkubwa. Upande unaopiga mvua tuning'inize magunia. Yashushwe wakati wa mvua na baridi, yakunjwe kukipambazuka.

Pili, sakafu. Tujaze udongo, tuushindilie, uwe juu kuliko nje ili maji yasiingie. Juu yake tutandaze maranda au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne. Zigeuzwe mara kwa mara, na zikilowa zitolewe. Hiyo ni mbolea, irudi bustanini.

Tatu, nyufa. Ukuta uliobaki ukandikwe vizuri na kupakwa chokaa. Ndani ya nyufa ndimo utitiri hujificha mchana, usiku ukatoka kunyonya damu.

Nne, vyombo vya ndani. Hapa wenzangu wa kisomo tupige hesabu pamoja. Kibanda kina mita 4 kwa 3, yaani mita za mraba 12. Kila mita ya mraba tukiweka kuku 5, tunapata kuku 60. Tusijaze mpaka mlangoni. Tuanze na matetea 50 na majogoo 5. Kuku hupenda kulala juu, kila mmoja apate sentimita 20 za fito. Kuku 55 wanataka mita 11, kwa hiyo fito nne za mita 3 zatosha na kubaki. Kiota kimoja kwa matetea watano, basi viota kumi, viwe pembeni penye kivuli.

Miti, nyasi na udongo ni vyetu. Cha kununua ni wavu, chokaa na misumari.

Sasa neno kubwa. Banda zuri bila chanjo ni mtego. Kuku wakizurura, mdondo huwaua kaya kwa kaya. Wakikusanywa pamoja, mmoja akiingia nao, wote wamekwisha. Twazijua dalili zake: kuhara kijani, shingo kupinda, mabawa kuanguka. Dawa ya kutibu haipo. Kinga ipo, nayo ni chanjo. Ile iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, na hutolewa kwa tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Apewe kuku mzima, siyo aliyekwisha ugua. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikifunguliwa si ya kuwekwa akiba. Kwa hiyo tusichanje wa ushirika peke yao. Siku hiyo kila kaya ilete kuku wake, kwani kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye mlango wa mdondo. Na kuku mgeni yeyote, hata wa zawadi, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

Jumamosi saa moja asubuhi tukutane penye kibanda cha majembe. Wanaume waje na mashoka na sululu, akina mama tusaidiane maji na udongo wa kukandika, vijana walete fito. Bwana mifugo tutamwomba apange siku ya chanjo kabla kuku wa kwanza hajaingia.

Mwenye swali aulize, na mwenye ujuzi zaidi atufundishe. Elimu haina mwisho.