Kupanga Matini za Kilwa: Kanzidata ya XML na Lugha ya Maulizo ya XQuery

1.0 Utangulizi

Habari za kuanzishwa kwa usultani wa Kilwa Kisiwani zimehifadhiwa katika matini tatu. Ya kwanza ni Kitab al-Sulwa, iliyotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala yake, iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, imo katika Maktaba ya Uingereza jijini London, na S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari wa Kireno wa João de Barros, uliochapishwa mwaka 1552. Ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili ambayo Carl Velten aliyachapisha mwaka 1907, pamoja na habari za Lindi na miji mingine ya pwani hiyo.

Matini hizi zinasimulia jambo moja, lakini hazikubaliani. Kwa Kiarabu, wageni kutoka Shirazi walisafiri kwa majahazi saba; kwa Barros, Ali bin Hocen aliondoka Hormuz na vyombo viwili. Swali la mhadhara huu ni hili: matini kama hizi zikiingizwa katika kompyuta, zipangwe vipi ili tofauti zake zisipotee? Hoja inayotetewa ni kwamba muundo wa kanzidata ni tafsiri ya matini. Kisichopewa nafasi katika muundo hakiwezi kuulizwa baadaye.

2.0 Mti badala ya jedwali

Kanzidata ya majedwali hufaa sana kwa daftari la ushuru, ambamo kila mstari una vipengele vilevile. Masimulizi hayako hivyo. Tukio moja hubeba watu watano, jingine halina hata mmoja. Jina limo ndani ya sentensi, na sentensi imo ndani ya tukio. XML, iliyoidhinishwa na konsotia ya W3C mwezi Februari 1998, huiruhusu matini ibaki nzima na kuwekewa lebo mahali pake. Umbo linalopatikana ni la mti: simulizi ndiyo shina, matukio ni matawi, na majina ni majani. Programu huria kama eXist-db na BaseX huhifadhi mti huo kama ulivyo, bila kuukatakata kuwa majedwali. XQuery, ambayo toleo lake la kwanza liliidhinishwa mwaka 2007 na la 3.1 mwaka 2017, ndiyo lugha ya kuuliza mti huo.

Uamuzi wa kwanza wa mbunifu ni idadi ya miti. Njia iliyozoeleka ni kuifanya matini ya Kiarabu kuwa matini kuu, na nyingine mbili kuwa tanbihi zake. Njia hiyo ina gharama. Ni masimulizi ya Kiswahili peke yake yanayomtaja Mrimba, mkuu wa Wamachinga aliyekiuza kisiwa. Matini ya Kiarabu humwita muuzaji kafiri tu, bila jina, na Barros hutaja wenyeji kwa jumla. Muundo wenye matini kuu moja humfanya Mrimba kuwa nyongeza pembeni ya ukurasa, ilhali kwa watu wa pwani ya kusini yeye ndiye mwenye nchi. Kwa hiyo inapendekezwa kila simulizi iwe mti wake, yenye hadhi sawa na nyingine.

3.0 Kuuliza na kusikia kimya

Tuseme mwanafunzi anataka kujua kisiwa kilinunuliwa kwa nani na kwa kitu gani. Ulizo lake laweza kuandikwa hivi:

for $t in collection("kilwa")//tukio[@aina = "ununuzi"]
let $s := $t/ancestor::simulizi
order by $s/@lugha
return string-join(($s/@lugha, $t/muuzaji, $t/thamani), " | ")

Mstari wa kwanza hukusanya matukio ya ununuzi popote yalipo. Wa pili hupanda mti hadi kwenye simulizi husika. Wa tatu hupanga kwa lugha. Wa nne hutoa jibu. Matini zote tatu hujibu kwamba thamani ilikuwa nguo. Kiarabu na Kiswahili huongeza kwamba nguo hizo zilipaswa kukizunguka kisiwa. Lakini kuhusu muuzaji kuna mtego. Pale ambapo jina halipo, na mbunifu hakuweka lebo yoyote, XQuery hairipoti kosa: huruka tu, na mstari hutoka mfupi. Kimya cha matini huonekana kama uzembe wa mwekaji data. Dawa yake ni kuweka lebo ya muuzaji hata pasipo na jina, pamoja na sifa inayosema kwamba matini haikumtaja. Kimya nacho ni ushahidi.

4.0 Jina si mtu

Barros huandika Quiloa. Anwani ya matini ya Kiarabu husomwa Kulwa. Utafutaji wa herufi hautavikutanisha vituo hivyo, hivyo kila mahali hupewa kitambulisho kimoja. Kwa mahali, jambo hili ni jepesi. Kwa watu ni zito. Ali bin Hocen wa Barros, Ali bin Selimani wa masimulizi ya Kiswahili, na Ali bin al-Hasan anayesomeka katika sarafu za Kilwa: je, ni mtu mmoja? Kuwapa kitambulisho kimoja ni kulijibu swali kabla halijaulizwa. Afadhali kila mmoja awe na chake, na ulinganisho uwe rekodi ya pekee yenye jina la mtaalamu anayeudai na mwaka wa dai lake.

Tarehe nazo zinadai uangalifu huohuo. G. S. P. Freeman-Grenville aliuweka mwanzo wa nasaba hiyo karibu na mwaka 957. Neville Chittick, baada ya kuchimba Kilwa, aliushusha hadi mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984 ikapatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zikiwemo za Ali bin al-Hasan, nazo zikamrudisha katika karne ya 11. Kanzidata yenye nafasi moja ya tarehe ingelifuta dai la awali kila mara. Yenye nafasi ya madai mengi ingelimwonesha msomaji historia ya mjadala wenyewe.

5.0 Hitimisho

Programu zilizotajwa hapa hupatikana bila malipo, na ulizo la mistari minne hujifunzwa kwa siku moja. Kazi ngumu ni ile inayotangulia: kusoma matini neno kwa neno na kuamua kipi ni tukio, nani ni nani, na wapi pameachwa kimya. Kazi hiyo ni ya mwanaisimu na mwanafilolojia wa Kiswahili kabla haijawa ya fundi wa kompyuta. Wao wakiiacha, mashine itaendelea kujibu, na jina la Mrimba halitakuwamo katika majibu yake.